Watoto watatu London: shule ya Kifaransa au shule ya mtaani?

Kutoka: Mama Amani (Nairobi)

Wazazi wenzangu, jambo sana.

Sisi ni watu wa Bukavu, tumekaa Nairobi miaka sita na watoto wote wanasoma Lycée Denis Diderot. Sasa bwana yangu amehamishiwa London kwa mkataba wa miaka mitatu. Tunaingia Agosti. Mkubwa ana miaka 15, anamaliza seconde (mwaka wa kwanza kati ya mitatu ya lycée). Wa katikati alizaliwa Mei 2016, yuko CM1 (mwaka wa nne wa msingi). Kitinda mimba alizaliwa Novemba 2021, yuko moyenne section (mwaka wa pili wa chekechea).

Kazini kwa baba yao watalipa nusu ya minerval (ada ya shule), nusu nyingine ni yetu. Nikiipiga hesabu hiyo kwa watoto watatu, nakosa usingizi. Niwaweke wote shule ya Kifaransa, au niwapeleke shule za serikali za huko ambazo hazina malipo? Mama mkwe anasema Kifaransa kisipotee. Mimi naogopa zaidi Kiswahili, ila hayo tutayazungumza siku nyingine.

Kutoka: Mama Inès (Willesden)

Dada Mama Amani, karibu sana. Mimi ni wa Bujumbura, nipo London mwaka wa kumi na moja. Wanangu wamepita pande zote mbili, kwa hiyo nakuandikia kwa kirefu.

Kwanza ada. Tangu tarehe 1 Januari 2025 shule za kulipia Uingereza zinatozwa VAT ya asilimia 20, na shule za Kifaransa ni za kulipia. Kwa hiyo ukiona ada kwenye karatasi, uliza kama kodi imo ndani au bado. Na yale mambo ya bourse (msaada wa ada) tunayosikia ni ya mtoto mwenye uraia wa Ufaransa aliyeandikishwa ubalozini kwao. Sisi wengine hayatuhusu, hata Kifaransa chetu kiwe kizuri namna gani. Nasema mapema kwa sababu nimeona familia zikipanga maisha kwa kutegemea pesa hiyo.

Pili, shule zenyewe. Kubwa ni Lycée Charles de Gaulle, South Kensington, inayochukua watoto kuanzia wa chekechea hadi wa bac, mtihani wa mwisho wa sekondari. Ilianza 1915 kwa watoto wa wakimbizi Wabelgiji na Wafaransa waliokimbia vita. Nilipoambiwa hivyo nilisimama kidogo pale getini, maana sisi wa Maziwa Makuu tunajua maana ya kumtafutia mtoto darasa huku nyumba imeachwa nyuma. Ina matawi ya msingi, mojawapo ni Wix kule Clapham, linalotumia jengo moja na shule ya msingi ya serikali. Kuna Collège Français Bilingue, Kentish Town, iliyofunguliwa 2011, lakini hiyo inaishia troisième, darasa la kabla ya seconde, kwa hiyo kwa mkubwa wako haifai. Na kuna Lycée Winston Churchill, Wembley, tangu 2015, ndani ya jengo lililokuwa la halmashauri ya Brent. Chagueni shule kwanza, nyumba baadaye. Wengi wetu tulianza na nyumba, tukaja kujuta kwenye treni.

Sasa watoto. Mkubwa usimguse, abaki kwa Wafaransa. Akiingia première, mwaka unaofuata seconde, anachagua masomo matatu ya kubobea; terminale, mwaka wa mwisho, anabaki na mawili. Mwisho wa première kuna mtihani wa Kifaransa, wa kuandika na wa mdomo. Alama za darasani za miaka hiyo miwili ni asilimia 40 ya bac, na mitihani ya mwisho ni asilimia 60. Mkataba wenu ni wa miaka mitatu, yeye anahitaji miwili tu, na atamaliza akiwa hapa hapa.

Wa katikati ndiye atakayewapa shida kuamua. Nieleze yaliyonipata. Mwanangu wa pili nilimwingiza shule ya Kiingereza akiwa na miaka 8, nikajiambia Kifaransa tunakizungumza nyumbani, kinatosha. Baada ya miaka minne kazi ikatutaka turudi nyumbani kwa muda. Akafanya jaribio la kuingia shule moja ya mfumo wa Ufaransa. Mdomoni hakuwa na kasoro. Kwenye karatasi alikuwa mtoto mdogo. Sisi tumezoea Kiswahili, unaandika unachosikia. Kifaransa mtoto anasikia *o* anatakiwa kuandika *eaux*, na hilo halijifunzwi mezani wakati wa chakula. Akarudishwa darasa moja nyuma. Alilia, nami nililia zaidi, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Kwa hiyo kama kuna dalili yoyote ya kurudi Nairobi, Kinshasa au popote penye shule hizo, wa katikati naye abaki. Kama mnakuja kukaa, mpeleke shule ya jirani na umwandikishe shule ya Jumamosi ya Kifaransa. Ziko nyingi London, zinaendeshwa na wazazi, watu huziita FLAM. Tena kuna CNED, masomo ya mbali ya serikali ya Ufaransa, wana mpango mwepesi wa ziada kwa watoto wanaosoma shule za nchi nyingine. Mpango huo unahitaji mzazi wa kukaa na mtoto jioni, lakini unasaidia.

Mdogo mpeleke mtaani. Ana miaka 4, Kiingereza atakinywa kama maji, na pesa yake itawasomesha kaka zake.

Kutoka: Baba Keza (Croydon)

Shikamooni wakubwa, na habari zenu wengine.

Nakubaliana na Mama Inès karibu kwa yote, ila kwa mdogo nasita. Nieleze kwa nini.

Novemba 2006 tulikuwa Kigali. Rwanda ilivunja uhusiano na Ufaransa na shule ya Kifaransa, Saint-Exupéry, ikafungwa katikati ya mwaka. Ilifunguliwa tena 2010. Binti yetu alikuwa na begi mgongoni na hana pa kwenda. Tulimpeleka Nairobi kwa shangazi yake, akaingia Denis Diderot darasa lile lile, mtaala ule ule, bila jaribio. Kilichomwokoa ni homologation, yaani kutambuliwa na wizara ya elimu ya Ufaransa. Uamuzi wa shule moja kwamba mtoto amepanda darasa unaheshimiwa na nyingine zote, na ziko takriban 600 katika nchi zaidi ya 130. Kwa familia inayohamahama, hicho ndicho unachonunua kwa ada ile. Lugha ni nyongeza.

Kwa hiyo Mama Amani, mwulize mzee kwa utulivu: mkataba huu ukiisha, unadhani tutakuwa wapi? Jibu lake ndilo litakaloamua.

Jambo jingine, kwa faida ya wengine wanaotoka Kongo moja kwa moja. Shule inayofundisha kwa Kifaransa siyo lazima iwe shule ya Kifaransa. Shule zetu nzuri za mapadri kule Bukavu au Lubumbashi zinafuata mfumo wa Kongo, ule wa Examen d'État, wenye asili ya Ubelgiji. Mtoto akitoka huko atafanyiwa jaribio, hata awe wa kwanza darasani. Lubumbashi yenye homologation ni Blaise Pascal, Kinshasa ni René Descartes. Nimeona baba mmoja akigombana na karani kwa jambo hili, na karani alikuwa sahihi.

Kutoka: Mwalimu wa Barking

Hamjambo nyote. Mimi ni mtu wa Mombasa, nafundisha sekondari ya serikali hapa mashariki ya London. Nitasema yale ninayoyaona upande wangu.

Mkubwa: Mama Inès amenena. Shule za hapa zikimpokea kijana wa miaka 16 kwa A-level (masomo ya miaka miwili kabla ya chuo kikuu) zinaangalia GCSE, mitihani ya hapa ya miaka 16, hasa Hisabati na Kiingereza. Kijana wako hatakuwa nazo. Nimewaona vijana werevu wakitoka Goma na Bujumbura wakikaa mwaka mzima wakirudia hesabu wanazozijua, kwa kukosa cheti tu. Bac vyuo vikuu vya hapa vinaijua na kuikubali. Ila mjipange: asipokuwa na ukaazi wa kudumu atalipa karo ya wanafunzi wa kigeni, na hiyo ni kubwa sana.

Wa katikati, mkiamua shule ya serikali, ataingia Year 6, mwaka wa mwisho wa msingi. Mtafika Agosti, na mwisho wa kuomba nafasi ya sekondari ni 31 Oktoba. Mkingoja mpaka mzoee mji, mtapewa shule iliyobaki. Peleka fomu kwa halmashauri ya mtaa wenu mara mkipata anwani.

Mdogo: hapa wageni huchanganyikiwa. Ufaransa hupanga madarasa kwa mwaka wa kuzaliwa, Januari hadi Desemba. Uingereza hukata tarehe 1 Septemba. Mtoto wa Novemba 2021 kwa Wafaransa anaingia grande section, mwaka wa mwisho wa chekechea, kwetu anaingia Reception, darasa la kwanza kabisa la shule. Usidhani amerudishwa nyuma. Anaanza na wenzake wa rika moja, na hilo kwa mtoto mgeni ni zawadi. Akirudi Nairobi akiwa na miaka 7, kujifunza kusoma Kifaransa bado anaweza. Mtoto wa miaka 12 hawezi kwa urahisi huo. Baba Keza, nakuelewa, lakini hapo nasimama na Mama Inès.

Na nauli: ombeni kadi ya Zip Oyster, ya usafiri wa watoto na vijana hapa London. Mkubwa wenu akiwa nayo atapanda mabasi bure.

Kutoka: Mama Amani (Nairobi)

Aksanti, aksanti kabisa. Nimesoma na bwana yangu mpaka usiku.

Nilimuuliza swali la Baba Keza. Alinyamaza kidogo, akasema, "Tutarudi. Nairobi au Kinshasa, lakini tutarudi." Basi wawili wakubwa wanabaki kwa Wafaransa na mdogo anaenda Reception. Kila jioni mimi mwenyewe nitakaa naye na kitabu cha Kifaransa, na Jumamosi ataenda kwa hao FLAM. Kwenye simu na bibi yake, Kiswahili tu.

Nimeshaomba certificat de radiation (cheti cha kuondoka shuleni) na livret (ripoti za masomo) za wote wawili. Ofisi imeniambia haitatoka kama kuna minerval ya muhula ambayo haijalipwa, wengine mlijue hilo kabla ya kukata tiketi. Kadi za chanjo ninazo.

Tunaangalia nyumba karibu na Wembley. Mama Inès, kutoka Willesden ni mbali? Na kuna mzazi wa huko ambaye mwanawe amekua, ana koti la baridi la mtoto wa miaka 5? Nitalinunua.