Naomba ushauri: nipime vipi athari za upungufu wa maji kwenye mto na msitu wa kando yake?

Habari zenu wakuu. Nafuatilia kijito ambacho kila kiangazi hukatika na kubaki vidimbwi, pamoja na ukanda mwembamba wa msitu kandoni mwake. Nataka kujua ukame unaviumiza kiasi gani, ila vipimo vyangu vinapingana.

Nimetumia picha za setilaiti za Landsat kukokotoa NDVI (kipimo cha ukijani wa mimea), na msitu unaonekana wa kijani kibichi mwaka mzima. Lakini nikifika pale, hadithi ni nyingine: matawi ya juu yamekauka ncha, chini hakuna mche hata mmoja uliovuka goti, na kwenye vidimbwi, ninapogeuza mawe, napata minyoo myekundu tu pale nilipozoea kuona mabuu ya kereng'ende. Inaniuma kweli. Nadhani miti mikubwa inanyonya maji ya chini sana ardhini, ndiyo maana setilaiti haioni shida. Tena pikseli moja (kitone kimoja cha picha) ni mita 30 kila upande, pana kuliko ukanda wenyewe sehemu nyingi.

Kina cha maji nimekipima kila wiki kwa msimu mmoja. Oksijeni na joto la maji bado.

Maswali yangu ni mawili. Kiashiria gani huonyesha madhara mapema, kabla miti mikubwa haijaanza kufa? Na kwa kuwa mifugo nayo hunywa na kukanyaga hapohapo, nitatenganishaje madhara yake na ya ukosefu wa maji, ikiwa sina kijito kingine cha kulinganishia?

Natanguliza shukrani.