Ndege inakula kwati ya oili (karibu lita moja) kila saa moja na nusu halafu naambiwa "kompresheni iko poa". Nimechoka!

Wakuu nawasalimu. Naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mtanivumilia nikirefusha, ila nataka mafundi na marubani wa injini za pistoni wasome mpaka mwisho maana hili jambo litaua mtu.

Nina Cessna 172 pale Arusha, tunaimiliki mimi na shemeji yangu, injini ni Lycoming O-320 ya nguvu za farasi 160. Ilikuwa na saa 1,400 na kitu na haikuwahi kunisumbua kwa oili, kwati moja kila saa 8 au 9, mafuta safi, plagi kavu. Mwezi wa tatu kwenye ukaguzi walipima kompresheni, yaani kusukuma hewa kwenye silinda uone inavuja kiasi gani, silinda namba 3 ikasoma 54 kwa 80, na ukiweka sikio kwenye ekzozi unasikia kabisa hewa inatoka pale. Sasa hewa ikitokea ekzozi ni valvu ya ekzozi haifungi, hilo halihitaji digrii. Ikitokea kwenye kabureta ni valvu ya kuingiza, ikitokea pale kwenye shingo ya kujazia oili ndio ringi za pistoni. Silinda moja mgonjwa, valvu moja. Fundi mkuu wa hanga (karakana ya ndege) akaniambia "bosi ukifungua moja fungua zote, utalala usingizi". Nikakubali. Wakashusha silinda zote nne, ringi mpya, kuta zikakwaruzwa upya, hela ikatoka.

Tangu siku hiyo mimi usingizi sina.

Saa 10 za mwanzo ilikula sana nikasema sawa, ringi bado hazijakaa sawasawa ukutani, nivumilie. Saa 25 bado. Sasa hivi ina saa 41 na inakula kwati moja kila saa moja na nusu. Lycoming wenyewe wana hesabu yao ya kikomo, kwa farasi 160 inatoka kama nusu kwati kwa saa, yaani kwati moja kila saa mbili, na hicho ni kikomo cha mwisho kabisa, hakuna anayeshangilia kufika pale. Mimi nimeshakipita. Nikienda kulalamika jibu ni lile lile, "mzee ndege zote zinakula oili, na kompresheni yako ni 77, 76, 78, 77, unataka nini tena?"

Jamani hebu tuelewane kwenye hili la kompresheni maana ndio wimbo wao. Kile kipimo unasukuma hewa ya presha ya psi 80 kwenye silinda pistoni ikiwa juu imetulia, unaangalia inavuja kiasi gani. Kinachoizuia ile hewa ni valvu na ringi mbili za juu. Oili ringi, ile ya chini yenye kazi ya kukwangua oili ukutani isipande juu, haipimwi pale hata kidogo! Unaweza ukawa na 78 kwa 80 silinda zote na bado injini inakunywa oili kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Halafu mtu mwenye leseni ananionyesha karatasi ya kompresheni kana kwamba imejibu swali langu.

Na msidhani nimekaa tu nalalamika, nimefanya kila kitu mwenyewe na kijana wangu mmoja anayesomea ufundi. Tuliosha injini mpaka ikang'aa, nikaruka nusu saa, tukafungua kava tukapita na tochi kila mahali, gasketi za juu ya valvu, vibomba vya pushirodi, sili ya mbele nyuma ya propela, kila maungio. Kukavu. Tumboni kwa ndege kulikuwa na mchirizi kutoka kwenye bomba la kupumulia, na hapo ukweli nakubali kuna kosa watu wengi tunafanya, hii injini inabeba kwati 8 lakini ukiijaza 8 zile mbili za juu inazitapika nje kupitia bomba hilo, unadhani inakula kumbe inatema. Kwa hiyo nikaacha kujaza, nikaishikilia kwenye 6 kwa saa 10 nzima, naandika kila nikitua, dipstiki napima asubuhi kabla ya kuruka baada ya oili kushuka yote. Mchirizi ukapungua lakini ulaji ni ule ule. Kwa hiyo inaungua ndani.

Tukatoa plagi za chini. Zote nne zimelowa oili. Hapa ndipo nilipoanza kuelewa, maana ingekuwa ringi moja imevunjika au bushi inamopita valvu moja (valve guide) imekwisha ungeona plagi moja au mbili zimelowa nyingine kavu. Nne zikilowa sawasawa ni ugonjwa mmoja uliowapata wote kwa pamoja. Nikaazima ile kamera ndogo ya kuingiza kwenye tundu la plagi, na nilichoona sitasahau. Ukuta wa silinda iliyokwaruzwa upya yenye saa 41 ulitakiwa uonyeshe ile mikwaruzo ya kukatana kama wavu, ndiyo inayoshika oili na kusaga ringi zikae. Mimi nimeona kioo. Kumelala utando wa kahawia unang'aa kama mbao iliyopigwa vanishi, mikwaruzo unaiona kwa shida kule chini tu. Oili imeungulia ukutani, imejaza mikwaruzo ikagandia. Ringi haziwezi kukaa tena hapo hata niruke saa 500.

Na imegandia kwa nini? Wao! Kwanza waliiwasha ikaunguruma chini karibu saa nzima kwa rpm (mizunguko kwa dakika) elfu na kidogo kwenye jua la mchana, nilikuwepo, nikauliza, nikaambiwa "inazoea". Pili wakanikabidhi na agizo kwamba kwa saa 10 nisizidishe rpm 2,200, niruke taratibu. Hiyo ni akili ya gari la zamani! Injini ya ndege ringi zinabanwa ukutani na nguvu ya mlipuko inayoingia nyuma yake, ukiruka kwa upole hakuna nguvu, ringi zinaelea juu ya oili, oili inaungua, kwisha. Inatakiwa asilimia 75 ya nguvu saa za mwanzo. Na hapa Arusha uwanja wenyewe uko futi 4,550, mchana wa joto hewa ni nyepesi kama uko futi 7,000 na zaidi, ukipanda kidogo tu hata ukisukuma throtoli mpaka mwisho hiyo 75 huipati. Nilisema wazi, jamani naomba niishushe Tanga nikazunguke juu ya pwani kwa futi 2,000 saa tatu nne ringi zikae. Nikaambiwa napoteza mafuta bure.

Tatu ndiyo iliyoniamsha hasira zote hizi. Siku nachukua ndege niliomba chupa tupu za oili pale hanga niwekee dizeli ya jenereta nyumbani. Chupa 7. Jumamosi umeme umekatika nachukua moja nijaze, nasoma lebo, W100. Wale wa kazi mmeshaelewa. Silinda za chuma zilizokwaruzwa upya kama hizi unaanza na oili tupu ya madini isiyo na dawa, saa 50 za mwanzo au mpaka ulaji utulie, na kwa kampuni hiyo hiyo ya Aeroshell ni ile iliyoandikwa 100 peke yake. W100 ina dawa ya kuzuia uchafu usigandane, ni nzuri sana ila ya baadaye. Herufi moja tu. Nikaenda kufungua logibuku, kitabu cha kumbukumbu za matengenezo ya ndege, imeandikwa na kusainiwa kwamba imejazwa oili ya madini. Imeandikwa kitu ambacho hakikuwekwa!

Halafu eti kosa langu, natua viwanja vya vumbi. Vumbi linakula ringi kweli, silibishi, ndiyo maana nikiwa chini kwenye changarawe siwashi hewa moto ya kabureta kwa sababu ile haipiti kwenye filta. Filta ni mpya na nimepeleka sampuli ya oili maabara, silikoni, ambayo ndiyo alama ya vumbi, iko chini kabisa. Vumbi halimo.

Wiki mbili zilizopita nimeruka kwenda Mwanza na mke wangu, saa mbili na dakika 20. Nimetoka na kwati 6. Kuanzia Ngorongoro mpaka ziwani sikuangalia hata mnyama mmoja, macho yako kwenye geji ya presha ya oili. Natua dipstiki inasoma 4 na kidogo. Mke wangu ananiuliza mbona umekaa kimya njia nzima, nikakosa la kumwambia. Tukarudi kwa basi.

Dawa ninaijua, silinda zishuke tena zote, zikwaruzwe upya, ringi mpya, oili sahihi, na safari hii inaenda Tanga siku hiyo hiyo. Sitaki kulipa hata senti. Naomba aliyewahi kudai kazi ya hanga irudiwe bure aniambie alianzia wapi, kwa maandishi kwao kwanza au moja kwa moja TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania), maana hilo la logibuku nadhani ni la TCAA.

Kesho saa tatu asubuhi naenda kwao na zile chupa 7 na picha za kamera. Walichojibu nitakileta hapa.