Msaada wa haraka: hita ya kabini, Pijo 504 pikapu (Malindi)

Ngarawa_Kavu: Wadau, salaam. Nina Peugeot 504 pikapu ya petroli, ya marehemu baba. Hita ilioza, ikawa inamwagia abiria maji miguuni na kioo kinajaa mvuke. Fundi akaiondoa, akaunganisha zile hosi mbili kwa kipande cha bomba. Sasa nataka kuirudisha. Nimepata tatu: mpya ya alumini, ya shaba iliyotolewa kwenye gari lililokufa, na ya umeme ya kuchomeka kwenye tundu la sigara. Nichukue ipi? Nahitaji jibu kabla ya Ijumaa.

Punda_Wawili: Mimi niko Lamu, usafiri wangu unakula nyasi. Hita Malindi ya nini, bwana? Hata kusi ikivuma watu wanalala na feni.

Bi_Kisutu: Msimcheke. Marehemu mume wangu alikuwa na 504, tukaenda nayo Nyahururu arusini. Kule ni mita 2,300 hivi juu ya bahari, asubuhi nilijifunga leso tatu na bado meno yanagongana. Hita ndiyo iliyotufikisha. Lakini mwanangu, gari la baba ni la warithi wote. Mirathi mshagawana?

Fundi_Maweni: Ya umeme achana nayo. Wati 150 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 12, waya za gari kuukuu zitanuka, na joto lenyewe halifiki magotini. Ya alumini ni nzuri ukitumia kulanti (maji maalumu ya redieta) daima. Najua maji ya bomba ya Baricho yakikatika mnatia ya kisima, na chumvi ile inaila alumini. Ya shaba ikitoboka, fundi wa redieta anaitia risasi, unaendelea. Ila hujamjibu Punda. Hita utaiwasha saa ngapi?

Ngarawa_Kavu: Mchana. Nikipeleka maembe soko la Kongowea, Mombasa.

Punda_Wawili: MCHANA?

Kipima_Chumvi: Hii ni chai, tena ya tangawizi. Jua la Januari, maembe nyuma, hita mbele? Jamaa ana hita tatu za kuuza, anatafuta wateja. Wasimamizi fungeni uzi.

Bi_Kisutu: Na la mirathi amelikwepa.

Ngarawa_Kavu: Siuzi kitu. Haya, nasema. Injini inachemka. Baba akiona sindano inapanda alikuwa anafungua hita na madirisha yote, inashuka. Tangu hita itolewe nasimama Kilifi, nasimama Mtwapa, namwagia maji. Hita ikirudi nitafika. Na mirathi tumegawana, pikapu ni yangu.

Fundi_Maweni: Hilo ungelianza nalo. Mzee alijua alichofanya: hita ni redieta ndogo, inavuta joto la injini na kulileta kwako. Lakini hiyo ni dawa ya kukufikisha gereji, si ya kubebea mizigo kila wiki. Thamostati, ile vali inayofungulia maji injini ikipata moto, iko au waliitoa? Redieta je?

Ngarawa_Kavu: Thamostati mpya, redieta imesafishwa. Na ya alumini nishalipia nusu, kwa hivyo nilitaka tu kuhakikisha.

Punda_Wawili: Kumbe ushauri unaoutaka ni wa kupongezwa.

Fundi_Maweni: Kesho asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha redieta ndipo uwashe. Ikiwa moto usikiguse, utaungua uso. Tazama maji yakitoa mapovu yasiyokoma. Kisha chomoa kijiti cha oili.

Kipima_Chumvi: Na picha. Bila picha ni chai.

Ngarawa_Kavu: [picha] [picha] Mapovu hayaishi. Kijiti kimetoka na utando mweupe kama uji.

Fundi_Maweni: Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, imekwenda, maji yanaingia kwenye oili. Usiiwashe tena. Hedi ya 504 ni ya alumini, ikichemka mara kwa mara hupinda.

Ngarawa_Kavu: Muuzaji hataki kurudisha pesa, ila ana gasketi ya 504. Nibadilishane naye?

Fundi_Maweni: Badilishana, lakini usifunge. Hedi ipelekwe kwanza ikapimwe, kama imepinda ichongwe. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda utaivua mwezi huo huo.

Kipima_Chumvi: Nafuta neno chai. Maembe ni ngowe au apple?

Ngarawa_Kavu: Boribo. Nusu yameshaanza kulainika. Nani ana kenta inayoshuka Mombasa leo?