Anasoma bila kukwama lakini haelewi: tatizo liko wapi?

Mwuliza swali
Ninafundisha darasa la tatu. Mwanafunzi wangu mmoja husoma aya nzima bila kukwama, lakini nikifunika kitabu na kumwuliza nani alifanya nini, hunyamaza. Mwenzake hufuata silabi kwa kidole, "m-to-to a-li-ki-mbi-a", ilhali nikimsomea mimi, hueleza habari yote vizuri. Wote wawili hupata alama zilezile hafifu. Je, ni mambo gani hasa huamua maendeleo ya mtoto katika kusoma, na je, hawa wanahitaji msaada wa aina moja?

Jibu la 1
Mwalimu mwenzangu, nusu ya jibu unayo tayari. Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walieleza kwamba ufahamu wa kusoma hutokana na kuzidisha vitu viwili, yaani uwezo wa kutambua maneno yaliyoandikwa na uwezo wa kuelewa lugha; na kwa kuwa ni kuzidisha, si kujumlisha, kimoja kikikaribia sifuri kingine hakiwezi kukifidia. Huyo wa pili anahitaji mazoezi ya herufi na sauti zake hadi silabi zimtoke bila kuzifikiria, kwani anayehangaika na silabi husahau mwanzo wa sentensi kabla hajaufikia mwisho. Wa kwanza ukimrudisha kwenye silabi utampotezea muda. Msomee habari ileile kwa sauti: asipoielewa hata kwa kusikia, basi amepungukiwa msamiati au hayajui mambo yanayozungumziwa.

Jibu la 2
Hapo kwenye kuyajua mambo ningekazia zaidi. Mwaka 1988 watafiti Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi 64 nchini Marekani, wakubwa kuliko wako, habari ya mchezo wa besiboli, na wasomaji dhaifu walioujua mchezo huo wakakumbuka mengi kuliko wasomaji hodari wasioujua.

Jibu la 3
Msisahau macho na masikio, ambayo hupimwa mara chache mno. Aidha, mwulize mzazi ni lugha gani inayozungumzwa nyumbani.

Mwuliza swali
Ahsanteni. Leo nimemsomea wa kwanza habari ya mzinga wa nyuki. Kumbe tangu mstari wa pili alikuwa akimwaza malkia mwenye taji, akashangaa anatagaje mayai.