Kusoma matetemeko ya ardhi kuanzia sufuri: kitabu cha seismolojia, cha jiolojia, au video?

Lanet_Juu
Wadau, hamjambo. Nyanya yangu ni mzaliwa wa Subukia. Mamake alimsimulia ule usiku wa Januari 6, 1928, nyumba ilipoyumba na ng'ombe wakavunja zizi. Nimekua na hadithi hiyo, na sasa nataka kuelewa kilichotokea chini ya miguu yao.

Nimenunua kitabu cha utangulizi cha seismolojia, yaani elimu ya matetemeko, kile cha wanafunzi wa chuo kikuu, kimeshatumika lakini kurasa zote zipo. Sura ya kwanza niliimaliza kwa siku mbili. Sura ya pili inafungua kwa milinganyo ya mawimbi na hapo nimekwama wiki ya tatu. Rafiki ananiambia nikiache, nichukue kitabu cha jiolojia ya jumla chenye sura moja ya matetemeko na picha nyingi. Mwingine anasema video za bure zinatosha. Muda wangu ni saa moja usiku baada ya kufunga duka, na hesabu niliiacha kidato cha nne. Mngeanza na kipi?

Ingo_Makini
Video, ndugu yangu. Tetemeko hutuma mawimbi ya P na S: la P linasukuma na kuvuta mwamba kuelekea linakokwenda, la S linautikisa kando. Nilisoma sentensi hiyo mara kumi bila kuielewa, nikaiona kwenye video ya dakika mbili ikakaa.

MwalimuNjoro
Lanet_Juu, usikiweke chini hicho cha seismolojia. Milinganyo iruke kwa sasa, lakini mawimbi yenyewe usiyaruke, maana somo lote limelala hapo.

Chukua barabara zetu. Matatu na tuktuk zinaondoka Njoro kwa wakati mmoja kuja Nakuru, matatu kwa kilomita 60 kwa saa, tuktuk kwa 35. Ni takriban kilomita 18, kwa hiyo matatu inatangulia kwa dakika 13. Sasa zitoke Naivasha, takriban kilomita 70: pengo linakuwa dakika 50. Wewe uliyeketi stendi hukuziona zikiondoka, lakini ukipima pengo unajua zimetoka mbali kiasi gani.

Tetemeko ni vivyo hivyo. Kwenye gamba la dunia P huenda takriban kilomita 6 kwa sekunde, S takriban 3.5. Gawanya 1 kwa 3.5, kisha utoe 1 gawanya kwa 6. Unabaki na sekunde 0.119 kwa kila kilomita, yaani kila sekunde ya pengo ni kama kilomita 8.4. Fanya hivyo kwa vituo vitatu vya kupimia matetemeko, zungushia kila kituo duara la umbali wake kwenye ramani, na miduara inapokutana ndipo penye kitovu, mahali tetemeko lilipotokea. Hiyo ni hesabu ya shule ya msingi!

Kitabu cha jiolojia kitakwambia tu kwamba dunia ina kiini. Cha seismolojia kitakuonyesha jinsi Oldham, mwaka 1906, alivyokitambua kwa kusoma nyakati za mawimbi kufika, na jinsi Inge Lehmann mwaka 1936 alivyogundua kiini kigumu ndani ya kile cha majimaji. Hawakuchimba shimo hata moja. Mimi jambo hilo hunisisimua kila ninapolifundisha.

Nyar_Nam
Mwalimu, naomba nipingane nawe kidogo, kwa heshima. Mimi niko Kisumu na nilianza na mawimbi kama unavyoshauri. Yalibaki michoro tu kwangu, kwa sababu sikujua yanatokana na nini. Nilirudi kwenye jiolojia, nikamkuta Reid, aliyechunguza tetemeko la San Francisco la 1906 na jinsi nyua zilizovuka ufa zilivyohamishwa. Mwamba hupindwa polepole kwa miaka mingi, ukashindwa kuhimili, ukateleza ghafla kwenye ufa. Pinda kijiti kikavu mpaka kikatike: ule mtikisiko unaousikia viganjani ndio mawimbi.

Septemba 10, 2016, Jumamosi alasiri, nilikuwa ghorofa ya tatu vikombe vikaanza kugongana kabatini. Lilikuwa tetemeko la Bukoba, ng'ambo ya ziwa, ukubwa 5.9. Kule watu zaidi ya 15 walifariki. La Subukia linakadiriwa 6.9. Nilidhani tofauti ya 1 ni ndogo, kumbe kila hatua moja ni nishati mara 32 hivi. Nilifunga kitabu nikakaa kimya.

Ingo_Makini
Mara 32! Hilo video zangu hazikunifafanulia.

MwalimuNjoro
Na ziko zinazopotosha. Machi 2018 ardhi ilipopasuka kule Suswa karibu na Mai Mahiu, video zilienea kwamba Afrika inagawanyika mbele ya macho yetu. Bonde la Ufa linapanuka kweli, ila kwa milimita chache kwa mwaka. Wanajiolojia wengi walieleza kwamba mvua kubwa ndiyo iliyosomba majivu ya volkano yaliyokuwa yamejaa ndani ya ufa wa zamani. Tazama video, lakini ukiwa na kitabu mkononi.

Dada Nyar_Nam, kuhusu Reid nakubali. Sura ya nyufa itangulie.

Mkulima_Subukia
Mimi naongeza njia ya nne: njooni huku. Mwaka 1928 ufa ulionekana juu ya ardhi kwa takriban kilomita 38, kando ya ukuta wa mwamba wa Laikipia na Marmanet, na kuna mahali ardhi ilishuka zaidi ya mita 2. La Bukoba lilianzia kina cha kilomita 40 hivi, ndiyo maana halikuacha alama kama hii. Ukuta wenyewe haukujengwa usiku mmoja. Ni kazi ya matetemeko mengi mno. Ukisimama chini yake na kitabu, ile picha ya ufa inaacha kuwa picha.

Lanet_Juu
Asanteni sana. Nimefanya hivi: sura ya nyufa kwanza, kisha nikapakua bure mchoro wa tetemeko dogo uliorekodiwa na kituo cha Kilimambogo, nikauchapisha na kuupima kwa rula. Pengo nimepata sekunde 38, mara 8.4 ni kilomita 319. Nimechukua bikari ya mtoto nikachora duara. Magharibi linapita karibu na Migori, kusini linaingia Tanzania. Ila S sina uhakika nayo, imezama ndani ya mkia wa P.

MwalimuNjoro
Umepima mchoro wa mtikisiko wa juu-chini, sivyo? Pakua na michoro ya mtikisiko wa kaskazini-kusini na mashariki-magharibi. S hutikisa kando, itajitokeza huko. Kisha tafuta vituo viwili zaidi, utuletee miduara yote mitatu.