Tupeane uzoefu: gari dogo la plastiki unalijaza vikorokoro mpaka wapi?

Msukani_Mtupu (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Uzi huu ni wa sisi wachache tunaojifungia chumbani na gundi, kibano na kisu, tukiunga magari madogo ya vipande. Simaanishi yale ya chuma unayonunua yakiwa tayari. Namaanisha boksi: unalifungua, unakuta vipande mia na ushee vimening'inia kwenye fremu zake, karatasi ya maelekezo, stika za maji, na bodi nyeupe isiyo hata tone la rangi.

Swali: wewe unaishia wapi? Unaunga kilichomo ndani ya boksi basi, au unaongeza waya, mipira, mikanda ya siti, mpaka funguo kwenye swichi? Leteni visa, siyo nadharia. Mimi naanza na aibu yangu.

Nipo Columbus, Ohio, naendesha lori. Majira ya baridi huku ukifika nyumbani jioni giza limeshatanda, na ndivyo nilivyojikuta kwenye mambo haya. Gari lilikuwa Chevrolet Bel Air ya 1957, kipimo cha 1/25, yaani gari halisi limepunguzwa mara 25. Maboksi ya Kimarekani ya kipimo hicho mengi yanakuja na injini nzima na boneti ya kufungua, na mtego uko hapo. Injini ya V8 imekaa pale, kila kitu kipo, ila haina waya hata moja. Nikasema acha niitie waya za plagi. Nane za plagi, moja ya koili, jumla tisa.

Waya ya plagi kwenye gari halisi ina unene wa milimita 7 hivi. Gawa kwa 25, unapata 0.28. Nikapata waya ya 0.3, nikakaa kutoboa matundu tisa kwenye distributa (kile kifaa kinachogawa umeme kwenda kwenye plagi) yenye ukubwa wa punje ya mtama, kwa kidrili cha kuzungusha kwa vidole. Ya kwanza ikapasuka. Nikachonga nyingine kutoka kwenye mabaki ya fremu, nayo ikapasuka. Ya tatu ikakubali.

Sasa ubaya wa waya ni kwamba ukishazitia, injini inaonekana uchi sehemu zilizobaki. Nikaongeza mipira ya hita. Kisha bomba la mafuta kwenda kwenye kabureta. Kisha mabomba ya breki chini ya chasi, ambako hakuna binadamu atakayechungulia. Wanaoijua Bel Air ya 57 wanajua mdomo wa tangi umefichwa kwenye urembo wa bawa la nyuma kushoto. Nikaukata ufunguke, bawaba nikaitengeneza kwa kipande cha sindano. Nilianza Novemba, nikamaliza Julai.

Siku ya kufunga boneti, haikufunga. Mipira ya hita iliinyanyua milimita mbili. Mtasema mbili ni nini? Kwa kipimo kile ni sentimita tano; gari zima lilionekana kama limebusu mti. Kuing'oa mipira haikuwezekana, ilishashikana na supagluu. Nikaibana kwa nguvu, nikaigundisha boneti moja kwa moja, nikaweka na kamusi juu yake usiku kucha. Miezi minane ya kazi imelala humo ndani.

Mke wangu, mtu wa Tanga, alikuwa akipita na chai yake. Akaniuliza, "Sasa hizo waya ulikuwa unamtilia nani?"

Sijapata jibu. Nimebandika picha nne hapo chini, tatu ni za kabla ya boneti kufungwa. Karibuni.

---

VumbiJekundu

Pole mkuu, ila nimecheka hadi watoto wamekuja kuangalia kulikoni. Kamusi!

Mimi niko Nakuru, naunga magari ya Safari Rally peke yake. Mtego wako mimi sina, kwa sababu maboksi mengi ya Kijapani ya 1/24 hayana injini kabisa. Yale ya zamani yalitengenezwa yatembee kwa mota ndogo, ukigeuza chasi unakuta mahali pa betri, na siti za ndani zina kina cha kisahani. Boneti haifunguki, kwa hiyo roho imetulia.

Ugonjwa wangu ni vumbi. Niliunga Datsun 240Z ya 1971, ile ya Edgar Herrmann na Hans Schüller, nyekundu yenye boneti nyeusi. Gari lina sentimita 17 tu, linakaa kwenye kiganja. Likatoka safi, linang'aa, nikalitazama wiki nzima nikaona ni uongo. Safari gani hiyo isiyo na vumbi? Nikapanda matatu mpaka Naivasha, nikachota udongo wa kando ya njia ukajaa chupa ya jemu. Nikasema sasa hapa hakuna wa kunipinga, huu ndio wenyewe.

Nikaupaka na gundi nyepesi. Wacha! Lilionekana limepita kwenye machimbo ya kokoto. Nikapiga hesabu nikiwa nimechelewa: chembe ya nusu milimita, kwenye 1/24, ni jiwe la milimita 12. Nikauchuja kwa soksi za stokingi za mke wangu (bila ruhusa, hilo ni uzi mwingine), bado ukawa mkubwa. Udongo wa kweli ndio ulioonekana wa bandia.

Kilichonifaa ni chaki za kuchorea, kahawia na ya chungwa, nazisaga kwenye msasa, unga wake nausugulia kwa brashi laini. Na hapo pia nilikosea mara ya kwanza, nililipaka gari lote sawasawa kama mandazi kwenye sukari. Gari linalokimbia vumbi halilikai hivyo. Linajaa nyuma, kwenye buti na kioo cha nyuma, kwa sababu upepo unalizungusha na kulirudisha. Linajaa nyuma ya matairi. Kioo cha mbele kinabaki na zile feni mbili zilizofutwa na waipa, na taa zinafutwa kila gari likisimama kwa mafundi.

Kipimo changu siku hizi ni hiki: naongeza kile ambacho ningekiona nikiwa nimesimama kando ya barabara na baba, gari likipita. Taa za ziada, bomba la mbele la kuzuia ng'ombe, vizuia matope, namba ya mlangoni. Injini sikuiona hata siku moja. Nilichoona ni vumbi, na mgongo wa baba akinikinga nalo.

---

Msasa_wa_Maji

Nyote wawili mmeruka bodi, mkakimbilia waya na vumbi. Rangi, ndugu zangu. Mtu haoni kitu kingine kabla hajaona rangi.

Rangi ya gari la kweli ina unene wa takriban sehemu ya kumi ya milimita. Ukipuliza unene huohuo kwenye 1/24, umelipaka gari lako milimita 2.4 za rangi. Ndiyo sababu mistari ya milango inazibika na gari linaonekana kama sabuni iliyotumika. Mimi kabla ya praima naichimba mistari yote kwa mgongo wa kisu, taratibu, mara nne tano kila mstari. Kisha tabaka jembamba, msasa wa maji namba 2000, tabaka jembamba tena.

Na rangi za kumetameta za madukani msizitumie. Chembe zake zimetengenezwa kwa gari la mita nne. Kwenye gari la sentimita 17 unapata pambo la Krismasi.

Kosa langu kubwa: gari jeupe, mistari ya milango nikaijaza wino mweusi tii ili ionekane. Ilionekana kweli, gari likawa kama katuni. Kwa gari jeupe tumia kijivu, kwa jekundu tumia damu ya mzee. Uvungu mimi napuliza nyeusi, nimemaliza.

---

Pwani_Maskati

Msasa umesahau hali ya hewa. Mimi asili Unguja, sasa niko Maskati. Nyumbani kipindi cha masika nilipuliza kliya (ile rangi angavu ya mwisho ya kung'arisha) juu ya Land Cruiser ya bluu, kufumba na kufumbua imegeuka maziwa. Unyevu ule. Huku kinyume chake, kukiwa na joto la Juni rangi inakauka hewani kabla haijafika kwenye gari, inatua kama unga. Sasa napuliza alfajiri baada ya sala, basi. Undani nitauzungumza nikishapata bodi moja iliyonyooka.

---

FundiBoksi

Nimeusoma uzi wote nikacheka peke yangu kwenye kibanda, Tabata hapa. Mimi sinunui boksi, boksi langu ni boksi kweli: karatasi ngumu, na ile plastiki nyepesi wanayokatia mabango. Naunda mabasi na daladala kwa oda. Coaster yangu ina sentimita 29, ukizidisha mara 24 unaipata yenyewe.

Niwaambie undani ni nini kwa mteja wangu. Haulizi injini. Hajawahi kuuliza. Kuna mzee mmoja aliendesha Coaster miaka mingi, gari likauzwa, watoto wake wakanipa oda iwe zawadi. Wakanipa picha tatu za simu. Nikaiga kila kitu: mstari wa rangi ya njia, namba ya gari, maandishi ya kioo cha nyuma, keria, hata ndoo ya maji nyuma ya siti ya dereva. Nyuzi za pazia nilizichomoa kwenye leso ya bibi. Chuma cha rimu nilibandika karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, nikaikandamiza kwa kijiti cha meno.

Mzee kaishika, kaigeuza, kimya. Nikajua imemgusa. Kisha akasema, "Kijana, mlango huu ukifungwa unakaa sawa."

Nikasema ndiyo mzee, nimepima vizuri.

"Wangu haukuwahi kukaa sawa. Konda alikuwa anaupiga teke hapa chini." Akanionyesha kwa ukucha mahali penyewe, kona ya chini.

Nikaomba nirudi nayo kibandani. Nikaulegeza mlango, nikabonyeza ile kona kwa kitako cha bisibisi kilichopashwa moto kidogo, nikakwangua rangi kidogo pakaota kutu ya kahawia. Dakika ishirini. Nilipoirudisha mzee hakuangalia kitu kingine, akaenda kwenye ule mlango tu, akawa anaufungua na kuufunga. Tangu hapo mteja akija na picha namuuliza kwanza: lilikuwa bovu wapi?

---

MamaPacha_Moro

Mimi naunga na wanangu wa miaka tisa, wawili. Tunaishia pale ugomvi unapoanza. Gari la mwisho lilikuwa na usukani upande wa kushoto, wakasema gari gani hilo, wakaukata na kuuhamishia kulia, dashibodi ikabaki na shimo, wakabandika pipi iliyotafunwa. Likakamilika siku mbili. Wamelichezea hadi matairi yametoka. Kaka Msukani, miezi minane?

---

Msukani_Mtupu

@MamaPacha_Moro dada, minane na siku kadhaa, ukihesabu na distributa zilizopasuka.

@FundiBoksi hiyo ya mlango imeniweka kimya hapa kwenye maegesho ya malori. Bel Air mimi sijawahi hata kuikalia. Niliunga kwa picha za mtandaoni, za magari ya watu waliokwisha kuyang'arisha kuliko siku yalipotoka kiwandani. Nikifikiria gari ninalolijua kwa mwili, ni pikapu ya mjomba, Peugeot 404, ambayo kioo cha abiria kilikuwa kinashikiliwa na bisibisi. Ukiichomoa kinashuka chote. Hiyo bisibisi ningeiweka kabla ya injini.

@VumbiJekundu gari linalofuata ni lipi?

---

VumbiJekundu

240Z ya 1973, ya Shekhar Mehta, ule mwaka walimaliza sawa kwa pointi na Harry Källström wa Datsun ya 1800. Chaki ninazo. Soksi nimenunuliwa za kwangu.

---

Kimya_Kimya

Mimi ni wa kusoma tu, leo nimelazimika kujisajili. Maswali mawili.

La kwanza ni la wote: waya ya 0.3 mnaipata wapi? Hapa nilipo hakuna duka la mambo haya.

La pili ni la mwanzisha uzi. Nimeikuza picha yako ya tatu. Silinda za Chevrolet V8 zinawaka kwa zamu hii: 1-8-4-3-6-5-7-2, distributa ikizunguka kama saa ukiitazama kutoka juu. Silinda 1, 3, 5 na 7 ziko upande wa kushoto, kuanzia mbele. Fuata waya zako za huo upande kwa kidole. Naona ya 5 na ya 7 umezipishanisha. Samahani kama nimeona vibaya, nilikuwa fundi magari.

---

FundiBoksi

La kwanza nakujibu mimi: nenda kwa mafundi wa kusuka mota. Feni iliyoungua ina waya za shaba nyembamba kuliko unavyohitaji, wanakupimia kwa kuangalia tu, mia mbili mia tatu. Chukua na ile iliyobaki na rangi yake nyekundu-kahawia, hupati shida ya kupaka.

---

Msukani_Mtupu

Nimeikuza picha. Nimehesabu mara tatu. Mkuu, umeona sawasawa. Waya tisa, distributa tatu, na mbili nimezipishanisha.

---

Kimya_Kimya

Si kubwa sana. Injini ingewaka, ila ingekuwa inakohoa.

---

Msukani_Mtupu

Boneti nimeshaigundisha, mkuu. Itakohoa humohumo.