Mjadala: Historia, jiografia na uraia darasa la 7 na la 8 Lubumbashi, tuanzie nyumbani kwa mtoto au kwenye programu ya masomo?

Mwanzilishi wa mada, mwalimu wa historia, Katuba

Wenzangu walimu na wazazi, naleta hoja. Darasa la 7 na la 8 tunawabebesha watoto maneno makubwa: mpaka, dola, ukoloni, uhamaji, kodi, mamlaka. Mtoto wa miaka 12 au 13 anayaandika kwenye kaye (daftari), anayakariri, anayarudisha siku ya mtihani, basi, yameisha. Wapo wanaosema dawa ni kuanzia maisha yake: bukari (ugali), makala (mkaa), maji, jina la mtaa. Wapo wanaosema huko ni kupoteza muda na kuifanya dunia iwe ndogo kama uwanja wa nyumba yao. Mimi niko na wa kwanza, kwa sharti moja: kitu cha nyumbani kiingie darasani kama ushahidi wa kuchunguzwa. Kikiingia kama kionjo cha kuchangamsha darasa, ni bora kibaki nyumbani.

Nitoe mfano mmoja hadi mwisho, maana tukibishana hewani hatutasaidiana.

Mada ni mpaka. Watoto wa mji huu wanaijua Kasumbalesa hata kama hawajafika. Unga wa mahindi wa Zambia unapita huko, na Zambia ikifunga mahindi yake, bei ya meka, kopo la kupimia unga, inapanda sokoni. Sasa uliza: kwa nini mpaka uko pale, usiwe kilomita 20 huku au kule? Kitabu kitajibu kwa mstari mmoja kwamba kulikuwa na makubaliano ya Mei 1894 kati ya Uingereza na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyeitawala Kongo wakati huo. Mtoto bado hajaona kitu.

Chukua kipande cha bati cha sentimita 60 kwa 40, ukikunje katikati kiwe kama paa. Kiweke juu ya meza, beseni moja kila upande. Andika "Kongo" kwenye beseni la kaskazini na "Zambezi" kwenye la kusini. Toboa matundu madogo chini ya kopo, mwanafunzi amwage nusu lita ya maji taratibu juu ya ukingo. Maji yanagawanyika mbele ya macho yao. Mvua inayonyesha Lubumbashi inaingia Kafubu, inashuka Luapula, ziwa Mweru, Luvua, Lualaba, kisha mto Kongo hadi Banana kwenye Atlantiki. Ng'ambo ya ukingo maji yanashika Kafue, halafu Zambezi, hadi Bahari ya Hindi. Ukingo ule ndio mpaka wetu wa kusini: umefuata mgawanyo wa maji ya mito hiyo miwili.

Wengi wanaishia hapo, na hapo ndipo somo linapoharibika. Mtoto anatoka akiamini mpaka umechorwa na mvua. Swali lenye historia ni la pili: nani aliamua kwamba maji yagawe watu? Walamba wako pande zote mbili, na hakuna aliyewauliza. Mgawanyo wa maji ulipendwa Ulaya kwa sababu unaandikika kwenye mkataba kabla mtu hajafika kuupima. Halafu fungua ramani uwaonyeshe ile pembe ya nchi yetu iliyochoma ndani ya Zambia. Kule mstari unaacha mgawanyo wa maji, unafuata Luapula, kisha unashuka umenyooka kama wa rula. Wataanza kuuliza wenyewe.

Angalizo la mikono: kopo likimwaga kwa kasi, maji yanaruka hovyo na hakuna kinachoonekana. Kama huna bati, kartoni inafaa ikifunikwa kwa nailoni, la sivyo inakunywa maji na kulegea kabla kundi la tatu halijafika.

Mwalimu wa jiografia, Kampemba

Ndugu mwalimu, mfano wako ni mzuri kwa sababu umechagua mada inayokubali. Sasa weka mezani saa na idadi ya watoto. Kipindi ni dakika 50, darasa lina watoto 60 na zaidi. Kuita majina na kutulia, dakika 8 zimekwenda. Bati lako wanaliona safu mbili za mbele, waliobaki nyuma wanasikia maji tu.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni kile kinachofanyika kwa jina la "maisha ya kila siku". Somo la biashara ya dunia linafanywa hivi: mwalimu anauliza "jana mlikula nini?", watoto wanapiga kelele bukari, sombe, ndakala, orodha inajaa ubao kwa dakika 35, mwishoni mwalimu anaandika "tunategemeana" na kengele inalia. Mtoto ametoka na nini ambacho hakuingia nacho? Hakuna. Amepoteza kipindi akiambiwa anachokula.

Tena kuna mada ambazo hazina mlango nyumbani. Misri ya kale, mapinduzi ya viwanda. Ukizilazimisha zipite kwenye jiko la makala unazipinda. Watu pia wanachanganya kitu cha karibu na kitu cha kila siku. Uranium ya Shinkolobwe, kule Likasi, iliingia kwenye bomu la Hiroshima, Agosti 1945. Ni karibu sana na sisi, lakini hakuna mtoto anayeigusa maishani mwake, na bado ni somo zito kuliko orodha ya vyakula. Mtoto ana haki ya kutolewa nyumbani kwao. Mwisho wa darasa la 8 kuna TENASOSP, mtihani wa taifa wa kuchagua na kuelekeza wanafunzi, na maswali yake ni ya Kifaransa. Hayaulizi bei ya meka.

Mzazi, Ruashi

Walimu wetu, nawaheshimu. Naomba mfikirie hili pia. Mtoto akitumwa kuandika "nyumbani tunakula mara ngapi", "baba anafanya kazi gani", "kabila letu ni lipi", jioni anarudi na aibu au na ugomvi. Yule ambaye nyumbani wanakula mara moja ataandika uongo, na uongo huo ndio mtaujengea somo. Kuhusu kabila, mji huu una vidonda. Mwaka 1992 na 1993 watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa hapa Katanga. Kuna nyumba ambazo jambo hilo halisemwi mbele ya watoto. Msilichokoe kwa kazi ya nyumbani.

Mwanzilishi wa mada

Mama, umesema kweli, na nairekebisha hoja yangu kwa hilo. Ushahidi uchukuliwe mahali pa wote: sokoni, barabarani, kwenye mtaro, kwenye kibao cha duka. Badala ya kuuliza "kwenu mnanunua meka ngapi", peleka meka yenyewe darasani, ijazwe unga mbele yao, ipimwe kwa mizani mara tatu. Vipimo vitatofautiana, kwa sababu unga ukishindiliwa unazidi. Hapo mjadala wa kipimo cha haki sokoni unaanza bila nyumba ya mtu kutajwa.

Mwalimu wa Kampemba, kuhusu muda: bati ni la vipindi viwili. Cha kwanza, makundi sita ya watoto kumi, kila kundi dakika 5 mbele ya bati, wengine wakichora njia ya maji kwenye ramani wakiwa wamekaa. Dakika 30 zinatosha. Cha pili ni cha mkataba na ramani peke yake. Kifaransa nacho kina nafasi yake: ukurasa wa kaye upigwe mstari katikati, kushoto hoja kwa Kiswahili kama walivyobishana, kulia sentensi ile ile kwa Kifaransa cha mtihani. Anayeanza moja kwa moja kulia hunakili. Anayeanza kushoto ana kitu cha kusema.

Mshauri wa masomo ya uraia

Kampemba amesema kweli juu ya orodha ya vyakula. Ila kosa ni la swali. "Mnakula nini?" halina jibu linaloweza kukosewa, na swali ambalo mtu hawezi kulikosa halimfundishi. Tazameni somo la kodi.

Watoto wanaona malori ya shaba yakielekea mpakani kila siku, na wanasikia watu wazima wakisema "mali yetu inakwenda". Waulizeni: katika kila dola milioni moja ya kobalti inayouzwa, serikali inachukua ngapi kama mrabaha (malipo ya serikali kwa madini yanayochimbwa), na inamfikia nani? Kila kundi liandike makisio yake kwanza na kuyafunika. Hatua hiyo isirukwe, ndiyo inayowafanya wasikilize jibu.

Kisha hesabu kwa punje za mahindi. Punje 1,000 hazifiki nusu kilo. Zihesabiwe siku moja kabla, mia mia kwenye vifuko. Punje moja ni dola 1,000. Sheria ya madini ya 2002, baada ya kurekebishwa mwaka 2018, inatoza madini yaliyotangazwa kuwa ya kimkakati asilimia 10, na kobalti imo. Toa punje 100. Hizo 100 zinagawanywa: 50 serikali kuu, 25 mkoa, 15 komini (manispaa ya mji), sekta au usultani (tawala za vijijini) ambako uchimbaji unafanyika, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Mtoto anasukuma punje 15 kwa kidole chake. Shaba ifanyeni kwenye karatasi, kwa sababu kiwango chake ni asilimia 3.5 na punje hazigawanyiki vizuri: dola 35,000 kwa kila milioni, na humo 5,250 ndiyo sehemu ya eneo la uchimbaji.

Makosa yanayorudi kila mwaka ni matatu. Watoto wanadhani mrabaha unakatwa kwenye faida, wakati unahesabiwa kwenye thamani ya kinachouzwa, hata kampuni ikisema imepata hasara. Wanadhani ndio kodi pekee. Na mtoto wa hapa mjini, wa komini ya Katuba au ya Kenya, anadhani zile 15 ni za komini yao, kumbe ni za eneo lenye mgodi. Kosa hili la tatu lisisahihishwe haraka. Lipelekeni kwenye swali: kijiji kilicho kando ya shimo kinastahili zaidi ya mji unaopitiwa na vumbi la malori? Hapo ndipo neno "ugatuzi", yaani madaraka kushuka hadi ngazi za chini, linapata mwili.

Mwalimu wa jiografia, Kampemba

Hili la punje nalichukua. Naongeza sharti: mwalimu aseme wazi kwamba hayo ni maandishi ya sheria. Fedha kufika ni jambo jingine. Vivyo hivyo Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inayosema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa yanayotoka mkoani ni ya mkoa. Mtoto asipotofautisha "sheria inasema" na "imefanyika", tumemfundisha wimbo. Kwenye kaye ziwe safu mbili, na ya pili ibaki tupu mpaka apate karatasi ya kuthibitisha. Safu tupu nayo ni elimu.

Mwalimu wa uraia na historia, Kamalondo

Narudi kwa Mama wa Ruashi. Kunyamaza moja kwa moja nako kuna hatari, kwa sababu mtoto atasikia habari hizo kwa mtu mwenye hasira. Njia iliyo salama ni kuuliza barabara iliyoleta watu mjini na kuacha kabila. Reli kutoka kusini ilifika hapa mwaka 1910. Reli ya Kasai ilifika Ilebo, iliyoitwa Port-Francqui, mwaka 1928. Union Minière, kampuni ya madini ya enzi ya ukoloni, iliandika wafanyakazi kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) na Ruanda-Urundi, ikawaweka kwenye makambi na kuwapa posho ya chakula. Ukitandika reli hizo kwenye ramani ya ukutani kwa uzi, kila mtoto anaona kwamba mji mzima umetokana na waliofika. Hakuna anayenyooshewa kidole. Mwaka 1992 uje baada ya hapo, kwa maneno machache na tarehe, mwalimu akisimulia mwenyewe, bila kazi ya nyumbani.

Karatasi za zamani nazo zinafundisha. Zile zisizo na siri, kama bahasha zenye muhuri wa posta. "Elisabethville" ni kabla ya 1966. "Shaba" badala ya Katanga ni kati ya 1971 na 1997. "Haut-Katanga" kama mkoa ni tangu 2015, Katanga ilipogawanywa minne. Wape kundi bahasha tano zilizochanganywa, tarehe zimefunikwa, wazipange. Dakika 15. Wakimaliza, waulize nani alikuwa na uwezo wa kubadili jina la mji, na wenyeji walijulishwaje.

Tena hapa Kamalondo kuna somo la miguu. Wakoloni waliacha eneo tupu la mita mia kadhaa kati ya mji wa Wazungu na mtaa wa Waafrika, wakitaja mbu wa malaria kama sababu. Pima kamba ya mita 20, kila mtoto aitembee mara tatu apate urefu wa hatua yake, halafu wahesabu hatua kutoka komini hadi mjini na kuandika kila kilichojengwa katikati. Twende Julai? Hapana, shule zimefungwa. Mei na Juni ndiyo miezi yake, mvua imekwisha.

Mzazi, Ruashi

Uzi wa reli naukubali. Ila mwalimu aliyeandaliwa ndiye asimulie 1992. Asiye na uhakika aishie 1928.

Mwalimu wa jiografia, Kampemba

Basi nipendekeze namna ya kujua nani kati yetu yuko sahihi. Wiki tatu baada ya somo la bati, bila kuwatahadharisha, wape watoto ramani ya Gambia, nchi nyembamba inayoukumbatia mto wake pande zote mbili, na Senegal imeizunguka isipokuwa upande wa bahari. Hawana mtu huko, hawali unga wa huko. Swali moja, dakika 10, Kiswahili au Kifaransa: mpaka huu umefuata nini, nani alinufaika nao, nani alikatwa katikati? Anayejibu "mto" na kuweka kalamu chini, bati lilimchezesha tu. Anayeuliza ni nani alikuwa anataka mto ule, na wanaoishi kandoni walisema nini, huyo ametoka nyumbani kwao. Mwalimu wa Katuba, ukilifanya, leta hesabu ya majibu hapa, darasa zima, pamoja na yale yaliyokosewa.